Kuku Aliyemeza Aljebra

Wiki ya mwisho ya Julai ni wiki ya kufuta nyumbani kwa Royce Ledbetter. Watoto hukaa kwenye meza ndefu ya jikoni kwa umri, mkubwa karibu na jiko, mdogo karibu na mlango, na kila mmoja huwa na kitabu chake cha hesabu cha mwaka uliokwisha na kifutio cha rangi ya waridi. Wanafuta majibu yao yote, ukurasa kwa ukurasa, mpaka kitabu kiwe cheupe tena. Kisha kila kitabu kinasogezwa kiti kimoja kuelekea mlangoni. Hivyo ndivyo seti moja ya vitabu ilivyosomesha nyumba yenye watoto kumi na mmoja bila mmoja wao kukanyaga shule, na Royce alipenda kuwasimulia watu wa kanisa jambo hilo kila walipokuja kula.

"Futeni taratibu," Jerusha alikuwa akiwaambia, akipita nyuma yao na kitambaa cha vyombo begani. Yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye aliyewafundisha. "Ukichana karatasi, anayekufuata atafanya hesabu yenye tundu."

"Anayenifuata mimi hajui hata kuvaa suruali," akasema mmoja wa mapacha.

"Na wewe umeanza kujua juzi," Keturah akamjibu bila kuinua uso.

Watoto wakacheka, makombo ya kifutio yakaruka mpaka kwenye siagi.

Anachofuta mtu humtoka kichwani. Hilo lilijulikana. Kufikia Ijumaa pacha yule angekuwa hajui saba mara nane, na Agosti na Septemba zingetumika kumrudishia. Royce alisema kusahau kunamfundisha mtoto unyenyekevu. Lenora, mkewe, kabla ya kuolewa alikuwa amesoma miaka miwili chuoni ili awe mwalimu wa hesabu. Vitabu vile vilinunuliwa Jerusha akiwa bado tumboni, na Lenora alikaa kipupwe kizima akivijaza vyote, kuanzia cha kujumlisha mpaka cha aljebra, ili awe na majibu ya kusahihishia. Royce akasema watoto wataiga. Lenora akavifuta vyote. Tangu hapo huwahesabu watoto wake kwa kuwagusa vichwa mmoja mmoja, na akifika mwisho humuuliza Jerusha kama wametimia.

Makombo hufagiliwa na kumwagwa uani, na kuku huyala. Kuku waliokula makombo ya kitabu cha kwanza huja kwenye chakula kwa mistari ya kumikumi. Waliokula ya hesabu za sehemu hugawana mnyoo vipande vilivyo sawa, na hakuna anayepigana. Na mtu akimla kuku wa namna hiyo, hujua alichojua kuku kwa siku mbili, kulingana na kipande alichokula. Ndiyo maana Jumatatu ilikuwa siku nzuri ya shule katika nyumba ile kuliko zote, na ndiyo maana Royce, ambaye alijenga mabanda ya mbao na hakupenda mambo ya vitabu, alikata mbao za paa Jumatatu tu, baada ya kula mapaja mawili Jumapili. Makombo yenyewe hayamfai mtu. Lenora aliyajaribu mwaka aliomzaa Jerusha. Aliumwa tumbo siku mbili na hakukumbuka chochote. Lazima yapitie kwa kuku.

Kilikuwapo kitabu kimoja ambacho Jerusha hakuwahi kukifuta. Kilikuwa cha aljebra, cha mwisho katika seti, na hakuna mtoto mwingine aliyefika huko. Alikifanya kwa miaka miwili kwenye chumba cha kufulia, juu ya mashine ya kukaushia nguo, kwa sababu mashine ikinguruma humsikii mtu anayekuita. Alikimaliza mwezi Machi, akiwa na miaka kumi na minane. Asa, anayemfuata, alikuwa ameacha vitabu akiwa na kumi na minne akashika nyundo na baba yake, kwa hiyo aljebra haikuwa na mtu wa kuingojea. Ilikaa rafuni na penseli yake yote ndani. Jerusha alitembea nayo kichwani kama mtu aliyevaa soksi nzuri ndani ya buti la zizini: hakuna anayeziona, lakini yeye anajua.

Na alikuwa na kazi nayo. Verla, dada mkubwa wa mama yake, alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko mjini, na alimwambia kwamba mafunzo ya uuguzi yanaanza Septemba, kitanda kipo nyumbani kwake, kinachotakiwa ni cheti. Cheti cha kumaliza shule alichokuwa nacho Jerusha kiliandikwa na Royce, kwa kalamu nzuri, kikawekwa kwenye fremu. Chuo kilikirudisha. Walisema aje afanye mtihani Jumatatu ya tatu ya Agosti, na nusu ya mtihani ni aljebra.

Royce alikubali shingo upande, akatoa sharti lake mezani mbele ya wote.

"Mara moja," alisema. "Ukifaulu, nenda kwa Mama Mkubwa wako. Usipofaulu, hilo ndilo jibu la Mungu, na sitaki kusikia habari za mjini tena humu ndani."

"Sawa, Baba."

"Mara ngapi?"

"Mara moja, Baba."

Lakini Julai hiyo Keturah alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa amemaliza vitabu vyote vya chini. Royce alisimama kwenye mlango wa jikoni na vumbi la mbao kwenye nyusi, akatazama meza, akatazama rafu.

"Na hicho?"

"Baba, naomba kikae wiki tatu tu," Jerusha alisema. "Mtihani ukipita nitakifuta."

"Keturah aanze na nini?"

"Anaweza kuanza Septemba."

"Shule ya nyumba hii inaanza tarehe moja Agosti. Imeanza tarehe moja Agosti tangu wewe una miaka mitano. Kitabu si chako, binti yangu. Ni cha nyumba."

"Nikikifuta nitakuwa sijui kitu."

"Ulichokijua kweli hakifutiki," Royce alisema. Yeye hakuwahi kufuta kitabu maishani mwake.

"Mimi naweza kungoja, Baba," Keturah akasema.

"Hukuulizwa."

Jerusha alichukua kifutio. Ilimchukua siku tatu, kwa sababu aliandika kwa kukandamiza na kwa sababu kulikuwa na mahindi ya kugandisha kwenye friza. Alifuta kuanzia sura ya kwanza. Siku ya kwanza yakamtoka mambo ya kuhamisha namba kutoka upande huu kwenda upande ule. Siku ya pili, akifuta sura za katikati, alisimama kidogo akijaribu kukumbuka kipeo ni nini, akakuta anafikiria kopo la maharage. Siku ya tatu alifika mwisho, akarudi kwenye jalada la ndani, mahali pa kuandika jina. Jerusha Ledbetter, aliandika pale, na tarehe ya siku alipoanza. Alifuta hilo mwisho kabisa. Kisha akafungua kitabu katikati akaangalia. Herufi na namba zilikuwa zimechanganyika kama watu wanaogombana, na yeye amefika bila kujua ugomvi ulianzaje.

Ila makombo hakuyafagia pamoja na ya wengine. Alikuwa ameyakusanya kila jioni kwenye kopo la kahawa, tabaka juu ya tabaka. Sasa alitoka nalo uani, akamkamata kuku mmoja mwekundu, jike mzee aliyekuwa ameacha kutaga, akamfungia kwenye kizimba cha sungura. Akamlisha kwa utaratibu: sura ya kwanza kwanza, za katikati zikafuata, na jina mwisho. Kuku hujaa kutoka mapajani kupanda juu. Hilo nalo lilijulikana.

Kufikia Alhamisi kuku alikuwa mwingine. Alipopewa punje sita aliziweka tatu upande huu wa kizimba na tatu upande ule, na hakula upande mmoja bila kula upande wa pili kiasi kilekile. Ukimwondolea punje moja, aliondoa nyingine mwenyewe. Alichora mavumbini kwa ukucha, kisha akafunika alama moja kwa mguu na kukaa hivyo muda mrefu, akiwaza. Alipouondoa mguu palikuwa na jibu.

Asa alipita na ndoo, akasimama.

"Huyu bibi harusi wako anaolewa lini?"

"Jumapili ya tatu," Jerusha alisema. "Naomba usimsumbue."

"Mimi? Namwogopa. Ananiangalia kama mwalimu."

"Wewe ulimwona mwalimu lini?"

Asa alicheka, akamtupia kuku punje moja. Kuku akamrudishia moja.

Lenora aliambiwa, akakubali. Walikuwa wanakunja shuka, mama upande mmoja, binti upande mwingine, na tumbo la Lenora lilikuwa limeanza kuonekana. Mtoto wa kumi na mbili alitarajiwa Desemba.

"Umle wewe peke yako," Lenora alisema. "Wote. Usiache hata ngozi. Kuna ile sufuria ndogo."

"Baba je?"

"Jumapili hiyo kanisa liko kwetu. Nitapika paja la nguruwe kwa ajili ya wageni. Baba yako akiona nguruwe haulizi kitu kingine." Alikunja ncha zake juu ya ncha za Jerusha. "Mwanangu, mimi nilipofuta, kuku walikuwa wengi. Walikula ovyo, huyu kidogo, yule kidogo. Wewe umefanya vizuri."

Zilibaki wiki mbili. Jerusha alijaribu pia njia ya kawaida. Kila mchana Keturah alipofungua aljebra mpya, yeye alikaa pembeni ajifunze naye. Keturah alikuwa mwepesi. Lakini ukurasa mmoja haujaisha, Shem, wa miaka mitatu, ameingia kwenye pipa la unga. Ukurasa wa pili haujaisha, nyanya zinachemka na kumwagika. Alichojifunza miaka miwili juu ya mashine ya kukaushia hakikuweza kurudi kwa wiki mbili akiwa mbioni.

"Dada, huku eksi ni nne," Keturah alimwambia. "Halafu huku ni tisa. Wanaibadilishaje?"

"Sijui," Jerusha alisema. "Mwulize kuku."

Keturah alitoka akamwuliza. Alirudi na jibu sahihi.

Jumapili ya tatu Jerusha aliamka alfajiri akamchinja kuku mwekundu, akamnyonyoa, akampika kwenye sufuria ndogo. Alikusudia kumla kabla wageni hawajafika. Lakini alikuwa kuku mzee, na kichwa chake kilikuwa na mengi. Saa mbili alikuwa mgumu kama mpini wa nyundo. Saa tatu vilevile. Jerusha akamgeuza, akaongeza maji, akaenda kuwavalisha wadogo, akawasuka wasichana wanne, akatafuta kiatu cha Shem kikapatikana ndani ya piano. Saa nne gari la Harlan Pruett, mhubiri wa kanisa lao, lilikuwa uani, na Ndugu Pruett, mkewe na watoto wao sita walikuwa wanashuka. Jerusha alipunguza moto, akafunika sufuria. Atakula mara baada ya ibada, alisema moyoni, kwenye chumba cha kufulia.

Ibada ilikuwa sebuleni. Ndugu Pruett alihubiri saa moja na nusu. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono mikubwa, na hakuwa na ubaya na mtu yeyote.

Walipokaa mezani, watu ishirini na mmoja, Lenora alileta lile paja la nguruwe, limeng'aa asali. Ndugu Pruett akaliangalia, akaweka uma chini.

"Ndugu Royce, mnisamehe sana. Tangu Pasaka tumeacha nguruwe. Nilisoma Mambo ya Walawi upya."

"Nguruwe wote?" akauliza mmoja wa mapacha.

"Hapana, ameacha wa mguu wa kushoto tu," Asa akasema chini kwa chini, akakanyagwa mguu.

"Hukukosea, Ndugu," Royce alisema. Uso wake uliwiva kwa aibu. Mgeni alikuwa amekaa mbele ya sahani tupu katika nyumba yake, na watoto sita wa mgeni nao. Akanusa. "Kwani kuna nini kwenye ile sufuria ndogo?"

"Kuku, Baba," Jerusha alisema.

"Ameiva?"

Alikuwa ameiva. Aliiva wakati wa maombi ya kufunga.

"Ameiva, Baba."

"Basi mlete."

"Dada, huyo si ndiye—" Keturah alianza.

"Keturah, mimina chai," Royce alisema.

Jerusha alimtazama mama yake. Lenora alikuwa anahesabu watoto. Aligusa kichwa kimoja, kingine, kingine, akafika mahali ambapo Jerusha angekuwa amekaa, akagusa hewa, akaanza tena.

"Mama," Jerusha akasema.

Lenora alimtazama mgeni, akamtazama mumewe, akalitazama lile paja la nguruwe ambalo alidhani lingetosha.

"Mlete tu, mwanangu," alisema. "Utaona utakavyofanya."

Jerusha aliona angefanya nini. Yeye ndiye angegawa. Hakuna mwingine aliyegawa chakula katika nyumba ile tangu alipofikisha miaka saba na kuweza kushika bakuli zito bila kulitikisa. Angempa Ndugu Pruett kipande cha mgongo chenye mchuzi mwingi, kionekane kikubwa. Angewapa watoto mabawa. Kidari kingebaki chini ya sufuria, chini ya viazi, na mapaja pamoja nacho, na hakuna ambaye angejua. Alikaza kijiko mkononi.

Akaanza kwa mgeni. Mkono ukazama, ukainuka na kidari, upande wa kulia, ukakiweka kwenye sahani ya Ndugu Pruett. Jerusha aliutazama. Alikuwa ameuambia mkono uchukue mgongo. Akasogea kwa mke wa mgeni, na mkono ukampa kidari cha kushoto. Akasogea kwa baba yake, na mkono ukampa mapaja, mawili, kama kila Jumapili. Wavulana miguu. Hapo alijaribu kusimama. Alisimama kweli, miguu ilisimama, lakini mkono uliendelea kunyoosha kijiko mpaka miguu ikaufuata usimwage mchuzi. Wageni wadogo mabawa. Mapacha mgongo, nusu kwa nusu. Keturah akapewa firigisi na ini. Shem akapewa ngozi, anaipenda. Mtoto mdogo akapewa mfupa wa kunyonya. Hakuna aliyenyang'anya, hakuna aliyeomba nyongeza. Miaka kumi na moja mkono ule umegawa kwa utaratibu huo, na ulifanya kazi yake vizuri, bila kumwaga tone.

Alipofika kwenye sahani yake, sufuria ilikuwa na shingo.

Aliila akiwa amesimama kwenye sinki, kwa sababu akiwa anagawa, kiti chake kilichukuliwa na mtoto wa mgeni.

"Kuku mtamu huyu, Dada Jerusha," Ndugu Pruett alimwambia. "Ana kitu ndani yake."

Alasiri hiyo Ndugu Pruett alikaa barazani, akamwambia Royce kwamba kitu usichokijua unaweza kukipa herufi, ukaendelea nacho taratibu, ukikitendea haki pande zote mbili, mpaka kijitokeze chenyewe. Alisema amehubiri miaka thelathini bila kulijua hilo. Jumanne jioni lilimtoka, na hakumbuki kuwahi kulisema. Shem, akitafutiwa soksi, alieleza kwamba ana soksi hasi mbili, kwa hiyo wakimpa mbili atakuwa hana kitu. Ilikuwa kweli.

Jumatatu saa moja asubuhi Verla alifika na gari lake dogo la mizigo. Hakuzima injini. Yeye na Royce hawakuwa wanasalimiana.

"Umemla?" alimwuliza Jerusha wakiwa barabarani.

"Nimekula shingo."

Verla akazima redio.

"Shingo ina nini?"

"Sijui bado, Mama Mkubwa."

"Na vingine vilikwenda wapi?"

"Niligawa."

Verla akabadilisha gia. Kisha akasema, "Mama yako naye alikuwa hivyohivyo. Ukimpa pipi, anaanza kutafuta watu."

Kwenye chumba cha mtihani walikuwa watu tisa. Jerusha alipewa karatasi na penseli. Mstari wa kwanza ulitaka jina. Akaliandika, na hapo akajua shingo ilikuwa na nini. Jina lilimjia lote, kila herufi mahali pake, na tarehe pia, ya siku ile miaka miwili nyuma mashine ya kukaushia ikinguruma chini yake. Halikuwahi kuandikwa vizuri namna ile. Msimamizi alipopita alilitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Sehemu ya kusoma na kuandika aliifanya yote, kwa sababu amefundisha watu saba kusoma na hadithi hazifutwi. Kisha akafungua aljebra. Aliwatambua eksi na wai kama unavyotambua ndugu za watu waliohama. Hakujua wanataka nini. Alikaa mpaka muda ulipokwisha, kama walivyoagizwa, mikono juu ya meza.

Siku hiyohiyo, bondeni ng'ambo, Royce alikata mbao za paa la banda la pembe nane. Mteja alikuwa amelitaka mwaka mzima na Royce alikuwa akimkatalia, kwa sababu paa la pembe nane linashinda watu. Asubuhi ile alipima mara moja, akaandika mistari miwili kwenye ubao, akakata mbao zote kabla ya chakula cha mchana. Zilikutana juu bila mwanya wa kupitisha karatasi. Watu huenda kulitazama mpaka leo. Royce alisema Mungu aliushika mkono wake.

"Utafanya tena Januari," Verla alimwambia Jerusha walipokaribia nyumbani.

"Niliahidi mara moja."

"Ahadi ya kuku hiyo, Jerusha."

"Niliahidi mbele ya watoto."

Verla alimshusha penye sanduku la barua. Akageuza gari.

Barua ilikuja baada ya siku tisa. Royce aliifungua kwa kisu cha mkate, akaisoma mezani kwa sauti, bila hasira na bila furaha. Kusoma, amefaulu. Kuandika, amefaulu. Hesabu, hapana, na bila hesabu hakuna cheti. Aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia ya familia, mahali ambapo wameandikwa waliozaliwa.

"Basi, tumejibiwa," alisema. "Nipe chumvi."

Jerusha akampa chumvi.

Septemba ikaja, wale wa mafunzo wakaanza. Jerusha aliwarudishia mapacha saba mara nane. Desemba alizaliwa msichana, na Lenora alipowahesabu watoto akamwuliza Jerusha kama wametimia, na Jerusha akasema wametimia, Mama, wote wapo. Cheti cha fremu kilirudishwa ukutani, juu ya piano.

Julai iliyofuata Keturah alifuta aljebra. Alikuwa ameimaliza kwa mwaka mmoja, na hapakuwa na mwingine katika nyumba aliyewahi kufanya hivyo. Jerusha alimwona akikusanya makombo kwenye kopo la kahawa. Alimwona akimkamata kuku mweupe mwenye kidole kilichopinda, akimfunga uzi wa bluu mguuni, akimlisha ndani ya kizimba cha sungura, tabaka kwa tabaka, jina mwisho. Alitaka kumwambia jambo. Alifikiria amwambie nini hasa, na mtoto mdogo akalia, Jerusha akaingia ndani.

Jumapili ya pili ya Agosti kanisa lilikuwa kwao tena. Mvua ilikuwa imewaharibia akina Pruett barabara, lakini walifika, wote wanane. Hapakuwa na nguruwe. Sufuria moja ilikuwa kubwa, na moja ndogo, na Royce akasema zote mbili zije mezani, kwa nini nyumba moja iwe na sufuria mbili. Jerusha alikuwa na mtoto begani, anaota meno, hataki kuwekwa chini. Kwa hiyo Keturah ndiye aliyechukua kijiko.

Alikikaza mkononi. Alimtazama dada yake, na Jerusha akamtazama. Mfupa wa mguu ulijitokeza kwenye mchuzi, na ulikuwa bado na uzi wa bluu.

Akaanza kwa mgeni.